Makao ya Wazee Yakivamiwa na Ugonjwa: Tathmini ya Huduma Aliyoipata Mama

Tathmini hii inahusu makao ya wazee anakoishi mama yangu, na nimekusudia kuyapima kwa kigezo kimoja tu, nacho ni namna yanavyofanya kazi pale ugonjwa wa kuambukiza unapoingia ndani ya jengo. Sitasema mengi kuhusu bustani, ukubwa wa vyumba au ukarimu wa mapokezi, kwa kuwa hayo kila mgeni huyaona siku ya kwanza. Asichokiona mgeni, na ambacho familia nyingi hazikifikirii mpaka zimekwisha kutia saini mkataba, ni kitakachotokea mzee mmoja atakapoanza kutapika usiku: nani atagundua, atamwarifu nani, na kufikia asubuhi ni wangapi watakaokuwa wameambukizwa. Tangu mama ahamie pale, makao haya yamepitia milipuko miwili, mmoja wa kutapika na kuharisha na mwingine wa homa ya mafua, nami niliifuatilia yote miwili kwa karibu. Wa kwanza waliudhibiti kwa ustadi ninaousifu bila kusita, ilhali wa pili ulifichua udhaifu ambao hadi sasa haujarekebishwa wote. Jina la makao nimeliacha kwa sababu wazee na walezi wa pale wangetambulika kwa urahisi, na kwa sababu vigezo ninavyovitumia vinafaa kuyapimia makao yoyote.

Msomaji ambaye hajawahi kuwa na mzee katika makao ya aina hii anahitaji kuelewa kwanza kwa nini ugonjwa ukiingia humo huenea haraka kuliko nyumbani. Kinga ya mwili hudhoofika kadiri umri unavyosonga, kifua hukosa nguvu ya kutoa makohozi, ngozi huwa nyembamba na kuchubuka kwa urahisi, na wazee wengi tayari wana kisukari, maradhi ya moyo, ya mapafu au ya figo. Watu hao hula katika ukumbi mmoja, hushika vyuma vilevile vya kujizuia wasianguke, na huogeshwa, kuvishwa na kulishwa na walezi wanaotoka chumba hiki na kuingia kile kutwa nzima. Kazi ya kumtunza mzee haiwezi kufanywa kwa mbali. Kwa hiyo mkono wa mlezi, ambao ndio msaada mkubwa wa mzee, ndio pia njia fupi zaidi ya ugonjwa kumfikia.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Life Care Center, makao yaliyoko Kirkland katika jimbo la Washington nchini Marekani, ambayo yalikuwa miongoni mwa ya kwanza nchini humo kukumbwa na UVIKO-19 mwanzoni mwa mwaka 2020. Kufikia tarehe 18 Machi mwaka huo, watu 167 waliohusiana na makao hayo walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa: wazee 101, wafanyakazi wa afya 50 na wageni 16. Wachunguzi waliofuatilia mkasa huo walibainisha kwamba baadhi ya wafanyakazi waliendelea kuja kazini wakiwa na dalili, na kwamba wengine walifanya kazi katika makao zaidi ya moja, hivyo wakauhamisha ugonjwa bila kujua. Mambo hayo mawili, mfanyakazi anayeumwa kuja kazini na mfanyakazi asiye na kituo kimoja maalumu cha kazi, yatajitokeza tena katika tathmini hii, kwa sababu nimeyaona kwa macho yangu yakiamua nani augue na nani asiugue.

Mlipuko wa kwanza aliokumbana nao mama ulisababishwa na virusi vya noro, ambavyo ni chanzo cha sehemu kubwa ya milipuko ya kutapika na kuharisha katika makao ya wazee. Chembe chache mno za virusi hivyo, pengine chini ya mia moja, zinatosha kumwambukiza mtu. Dalili huanza kwa ghafla, kati ya saa 12 na 48 tangu virusi viingie mwilini, na ingawa mgonjwa kwa kawaida hupata nafuu katika siku moja hadi tatu, anaweza kuendelea kuvitoa katika kinyesi kwa wiki mbili au zaidi. Tena vitakasa mikono vyenye kileo, ambavyo tangu janga la UVIKO-19 vimetundikwa karibu na kila mlango, havivimudu ipasavyo. Mikono inapaswa kuoshwa kwa sabuni na maji tiririka, na sehemu iliyochafuka isafishwe kwa mchanganyiko wa klorini wenye nguvu ya kutosha, yaani sehemu 1,000 hadi 5,000 za klorini katika kila sehemu milioni za maji. Dawa ya kudekia yenye harufu nzuri haitoshi.

Kilichotokea ni kwamba bibi mmoja wa upande anakoishi mama alitapika ukumbini wakati wa mlo wa jioni. Mlezi aliyekuwa zamu hakukimbilia dekio. Alianza kwa kuwatoa wazee wote ukumbini, kwa kuwa matapishi hurusha matone madogo hewani ambayo aliye karibu anaweza kuyavuta au kuyameza. Kisha akafungua madirisha, akaagiza chakula chote kilichokuwa wazi kitupwe, akavaa aproni, glovu na barakoa, na hapo ndipo alipoanza kusafisha, akiyafunika matapishi kwa karatasi za kunyonya maji kabla ya kumwaga klorini. Muuguzi alikuwa amekwisha kuitwa. Mpangilio huo wa hatua ndio ninaousifu, kwa sababu watu wengi, hata wenye nia njema, huanza kwa kupangusa huku wengine wakiendelea kula meza ya pili.

Kufikia asubuhi, wazee wa upande ule walikuwa wakila vyumbani, na walezi wao walikuwa wametenganishwa kabisa na wale wa pande nyingine mbili za jengo, wakiwemo wafanya usafi na wagawaji wa chakula, kundi ambalo mara nyingi husahaulika katika mipango ya namna hii. Vitakasa mikono viliondolewa kwa muda milangoni, na sabuni na taulo za karatasi zikawekwa penye kila sinki ili mtu asijidanganye kwamba amejikinga kwa kupaka kileo. Sampuli za choo zilipelekwa maabara kutoka kwa wagonjwa wa mwanzo badala ya kusubiri idadi iongezeke. Nilipigiwa simu usiku uleule, nikaelezwa ugonjwa unaoshukiwa, hali ya mama wakati huo, na saa ambayo ningepigiwa tena. Nilipigiwa saa hiyohiyo.

Sifa kubwa kuliko zote, hata hivyo, naitoa kwa utaratibu mmoja wa utawala ambao hauonekani kwa macho. Katika makao haya mlezi anayepata dalili za tumbo anatakiwa kukaa nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha kwa mara ya mwisho, na katika muda huo hulipwa ujira wake kamili. Nililiuliza jambo hili kwa uongozi, kisha nikawauliza walezi wenyewe uongozi ukiwa haupo, na majibu yalilingana. Kanuni ya saa 48 inajulikana karibu kila mahali. Inapokosekana fedha ya kuitekeleza, inabaki kuwa tangazo ukutani. Mlezi anayelea watoto wake kwa mshahara mdogo, ambaye akikiri kuumwa tumbo anapoteza malipo ya zamu tatu, atameza kidonge na kuja kazini, na sioni haki ya kumlaumu yeye peke yake. Mafunzo ya usafi hayawezi kushinda hofu ya kukosa kodi ya nyumba. Makao yanayomlipa mlezi anapougua yananunua ukweli wake, na ukweli huo ndio ulinzi wa mama yangu.

Uangalizi wa wagonjwa pia ulikuwa wa kuridhisha. Kinachowaua wazee katika ugonjwa huu aghalabu ni upungufu wa maji mwilini na madhara yanayoufuata, na mzee hasikii kiu kama kijana. Kila mgonjwa aliwekewa karatasi ya kuandikia kiasi alichokunywa na alichotoa, na vinywaji vya chumvichumvi vya kurudisha maji mwilini vilitolewa kidogokidogo kwa mpangilio. Daktari alipitia orodha ya dawa za kila aliyeharisha, akasitisha kwa muda baadhi ya vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya shinikizo la damu, kwa kuwa dawa hizo zikiendelea kumezwa na mtu aliyekaukiwa maji zinaweza kuziumiza figo au kumwangusha kwa kizunguzungu. Hatua hiyo ni ndogo kwenye karatasi lakini inahitaji mtu anayewaza mbele. Mama aliugua, akapata nafuu, na hakufika hospitalini. Ugonjwa haukuvuka kwenda pande nyingine za jengo, na ukumbi haukufunguliwa mpaka zilipopita saa 72 bila mgonjwa mpya na usafi wa kina kufanyika. Kasoro niliyoiona ni zulia la ukumbini, ambalo haliwezi kuvumilia klorini na ambalo kwa maoni yangu halina nafasi katika chumba wanachokula wazee. Nasikia linatarajiwa kuondolewa.

Homa ya mafua ilifika mwisho wa juma, na hapo ndipo penye mzizi wa malalamiko yangu. Siku za kazi, upande wa mama unahudumiwa na walezi wa kudumu wanaomjua vizuri. Jumamosi na Jumapili, sehemu kubwa ya zamu hujazwa na walezi wa muda wanaoletwa na wakala, watu wenye bidii, waliofunzwa, lakini wasiomjua. Jumamosi ile mama alikataa kuamka, akakataa chai, na akawa anamwita mdogo wake aliyefariki miaka mingi iliyopita. Alipimwa joto, kikasomeka kipimo cha nyuzijoto 37.4 za Selsiasi, na katika faili ikaandikwa kwamba hana homa.

Kipimo kilikuwa sahihi na tafsiri yake haikuwa sahihi. Joto la kawaida la mama, lililoandikwa katika faili hilohilo kwa miezi, ni 36.2. Vigezo vinavyotumika kutambua maambukizi katika makao ya wazee huhesabu kuwa ni homa kipimo kimoja cha mdomoni kinachozidi 37.8, au vipimo vinavyojirudia vinavyozidi 37.2, au ongezeko la zaidi ya nyuzijoto 1.1 juu ya joto la kawaida la mzee husika. Mama alikuwa amepanda kwa 1.2. Mwili wa mzee mara nyingi hauwaki moto unapopambana na maambukizi, na dalili ya kwanza ya mafua, ya nimonia au ya UVIKO-19 inaweza kuwa kuchanganyikiwa kwa ghafla, kuanguka, kukataa chakula au kulala kupita kiasi. Mtu asiyemjua mzee huyaona hayo na kudhani ndio uzee wenyewe. Anayemjua hushtuka. Jumatatu asubuhi mlezi wa kudumu aliingia chumbani, akamwangalia mama, akamwambia muuguzi, “Bibi leo si yule ninayemjua,” na kabla ya mchana sampuli ya puani ilikuwa imechukuliwa. Kwa wakati huo wazee wengine wa upande uleule walikuwa wameanza kukohoa.

Muda uliopotea hapo si mdogo. Dawa ya oseltamivir, inayopambana na virusi vya homa ya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze, na mama aliianza akiwa ukingoni mwa muda huo. Aidha, mwongozo unaotumika Marekani unasema kwamba wazee wawili wa makao mamoja wakiugua ndani ya saa 72, na mmoja wao akathibitishwa na maabara kuwa na homa ya mafua, wazee wasio na dalili nao wapewe dawa ya kujikinga, hata kama wamechanjwa, kwa muda usiopungua wiki mbili na usiokoma mpaka zitimie siku 7 tangu mgonjwa wa mwisho ajulikane. Kanuni za namna hiyo haziwezi kuanza kufanya kazi iwapo mgonjwa wa kwanza ameandikwa kuwa hana homa. Saa zilizopita kati ya Jumamosi na Jumatatu hazikumgharimu mama peke yake. Baadhi ya wazee walipelekwa hospitalini, na si wote waliorejea. Sidai kwamba kila aliyefariki angepona kama ugonjwa ungetambuliwa mapema, kwa kuwa homa ya mafua huua wazee hata mahali penye uangalizi bora. Nasema kwamba walistahili saa zile.

Baada ya ugonjwa kuthibitishwa, kazi ilirudi katika kiwango nilichokuwa nimekizoea. Daktari alianzisha dawa kwa wagonjwa na kinga kwa waliobaki siku hiyohiyo, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu moja ambayo ningependa kila makao yaiige: matokeo ya karibuni ya vipimo vya figo vya kila mzee yalikuwa tayari katika faili. Dozi ya oseltamivir hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu, na makao yasiyo na matokeo hayo hulazimika kuanza kuchukua damu huku ugonjwa ukienea. Wazee karibu wote walikuwa wamechanjwa kabla ya msimu. Upande wa walezi hali haikuwa nzuri kiasi hicho, na meneja alinieleza kwamba hawezi kumlazimisha mtu. Ninamwelewa, lakini nilipochunguza nikabaini kwamba chanjo kwa wafanyakazi hutolewa asubuhi tu, ambapo mlezi wa zamu ya usiku amechoka na anawahi usafiri. Ingetolewa pale zamu zinapobadilishana, mchana na usiku, naamini wengi wangeipata bila kushurutishwa na mtu yeyote.

Walezi wote walivaa barakoa, hata wasio na dalili, na hilo lilikuwa sahihi. Katika makao mengine ya jimbo hilohilo la Washington, wazee wote walipopimwa UVIKO-19 mwezi Machi 2020, zaidi ya nusu ya waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili wakati wa kupimwa. Kumtegemea mtu akohoe ndipo ujikinge naye ni kuchelewa.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza zaidi, ambalo ni namna wazee walivyofungiwa. Uongozi uliamuru wazee wote wa upande ule wabaki vyumbani, milango imefungwa, na ndugu wasiingie. Ninakubali kwamba mgonjwa wa mafua hana budi kutengwa kwa siku chache. Sikubali kwamba mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye hajui kwa nini mlango umefungwa na ambaye kila baada ya nusu saa anaamka akiwa na hofu mpya, atibiwe kwa amri ileile anayopewa mtu mwenye akili timamu na simu mkononi. Kujilaza nako kuna gharama zake mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani kwa siku 10 tu walipoteza takriban kilo moja ya nyama isiyo mafuta miguuni. Hao walikuwa wazima. Mama aliingia katika kipindi kile akitembea kwa mkongojo na akatoka akihitaji watu wawili kumsimamisha, na sehemu ya nguvu zile haijarudi.

Nilimwandikia meneja, nikaomba ndugu mmoja wa kila mzee atambuliwe kuwa sehemu ya uangalizi wake. Mwanzoni alikataa, kwa heshima lakini bila kutoa sababu iliyonitosheleza. Baadaye kilifanyika kikao na familia, na utaratibu ukabadilika. Hivi sasa kila mzee ana ndugu mmoja aliyesajiliwa, ambaye amefundishwa kuvaa na kuvua barakoa, kunawa mikono kwa sekunde 40 hadi 60, kwenda moja kwa moja hadi chumbani na kutoka kwa njia hiyohiyo bila kupita kumsalimia mwingine, na ambaye haruhusiwi kuingia akiwa na dalili yoyote. Ndugu huyo humlisha mzee, humwinua na kumtembeza chumbani, na hivyo humpunguzia mlezi kazi katika kipindi ambacho wenzake wengine wamelala nyumbani wakiugua. Nawapongeza kwa kusikiliza. Nitawapongeza zaidi siku utaratibu huu utakapoandikwa katika mkataba, kwani kwa sasa unategemea hisani ya meneja aliyepo, na mameneja hubadilika.

Mawasiliano ya mlipuko wa pili hayakufanana na ya ule wa kwanza. Badala ya simu tulipata ujumbe mfupi uliosema kuna “hali ya kiafya isiyo ya kawaida” na kwamba uongozi “unaifuatilia kwa karibu”. Maneno kama hayo humwacha ndugu akibuni mwenyewe, na anachokibuni huwa kibaya kuliko ukweli. Familia haihitaji majina ya wagonjwa, wala haina haki nayo. Inahitaji kujua ni ugonjwa gani unaothibitishwa au kushukiwa, uko upande gani wa jengo, mzee wao ana dalili au hana, amepewa nini, na habari nyingine itakuja lini. Walijua kufanya hivyo wakati wa kuharisha. Walishindwa wakati wa mafua kwa sababu aliyekuwa na jukumu la kupiga simu alikuwa mapumzikoni na hapakuwa na mbadala wake, jambo linalonirudisha kwenye udhaifu uleule wa mwisho wa juma.

Kuhusu maradhi mengine nitapita haraka, kwa kuwa majibu niliyopewa yalinitosheleza. Upele wa utitiri, ambao kwa mtu anayeupata mara ya kwanza unaweza kuchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuwasha, hushughulikiwa kwa kumtibu mgonjwa pamoja na wote waliogusana naye kwa wakati mmoja, walezi wakiwemo, hata kama hawawashwi. Wazee wanaorudi kutoka hospitalini huchunguzwa na kuwekwa chumba cha peke yao kwa muda. Hilo ni somo zito kutoka Uingereza, ambako mnamo Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera ya mwezi Machi na Aprili 2020 ya kuwarudisha wagonjwa makaoni ilikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya wasio na dalili kuambukiza wengine. Maji nayo yanaangaliwa. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha nimonia kali, hustawi katika maji ya vuguvugu, kati ya nyuzijoto 20 na 45, na huingia mapafuni kwa matone madogo ya maji ya bafu yanayoelea hewani. Mwaka 2015 waliua wakazi 12 katika makao ya maveterani, yaani askari wastaafu, ya Quincy, jimbo la Illinois nchini Marekani. Fundi alinionyesha daftari linaloonyesha kwamba maji ya moto huhifadhiwa kwa nyuzijoto 60, yakichanganywa na ya baridi karibu na bomba yasimchome mzee, na kwamba mabafu yasiyotumika hufunguliwa kila wiki yakimbize maji yaliyotuama. Ni daftari la kawaida, lenye saini za kila juma, nami nililifurahia kuliko picha zote za tovuti yao.

Je, ningeyapendekeza makao haya kwa familia nyingine? Ndiyo, na mama bado anaishi pale kwa hiari yake na yangu. Uwezo wao wa kudhibiti ugonjwa uliokwisha kutambuliwa ni mkubwa, nao wanajirekebisha wanapoambiwa. Baada ya mafua wameweka kando ya kila kitanda karatasi moja inayoeleza joto la kawaida la mzee, kiasi anachokula kwa kawaida, anavyoongea na anavyotembea, ili mlezi mgeni awe na cha kulinganisha. Nimeiona ikitumika. Hata hivyo karatasi haiwezi kuchukua nafasi ya mtu aliyemwogesha mama kwa mwaka mzima, na suala la walezi wa wakala halijamalizwa. Bado baadhi yao hufanya zamu katika makao mawili ndani ya juma moja. Nimeomba kwamba msimu wa mafua ukianza, kila mlezi wa muda apangiwe upande mmoja wa jengo katika makao haya peke yake hadi msimu uishe, na alipwe saa za kutosha asilazimike kutafuta zamu kwingine. Jibu nililopata ni kwamba linajadiliwa na wenye makao, na tathmini hii nitaihariri litakapotolewa uamuzi.

Kwa anayekwenda kuyakagua makao yoyote kwa niaba ya mzazi wake, ushauri wangu ni kwamba aende Jumapili alasiri, bila miadi, aombe kuzungumza na mlezi aliyepo zamu, na amuulize maswali mawili: huyu mzee aliye mbele yako kwa kawaida yukoje, na wewe ukiamka kesho unaharisha utalipwa au hutalipwa? Nilipoyauliza hapa, mlezi wa kudumu aliyajibu yote mawili papo hapo. Wa wakala alifungua karatasi ya kando ya kitanda akanisomea jibu la kwanza, na la pili akasema kwamba asipokuja halipwi.